Ligi ya Kipupwe

1

Dakika ya sabini na moja Hoza Shemdoe alipokea mpira kwenye mstari wa kati, akampita beki wa kwanza kulia, wa pili kushoto, akakimbia mita hamsini bila kupunguza mwendo na kuuweka wavuni kwa mguu wake dhaifu. Hakuna aliyeshangilia. Majukwaa yote ya uwanja wa Tanga yalikuwa matupu. Ilikuwa Januari, saa kumi na nusu alasiri, na kengele ya joto ilikuwa imelia mjini tangu saa nne asubuhi. Kengele hiyo ikishalia, maduka hufungwa, shule hufungwa, na anayeonekana barabarani hurudishwa ndani na askari kwa usalama wake. Mji mzima ulikuwa umejifungia majumbani, mapazia yameshushwa, watu wakiutazama mpira kwenye skrini za ukutani. Nje, chini ya jua lile, walikuwepo binadamu ishirini na watano tu: wachezaji ishirini na wawili na waamuzi watatu.

Daktari Saumu Kihiyo aliliona bao lile akiwa katika chumba cha vipimo, chumba cha vioo chenye ubaridi kilichojengwa pembeni mwa uwanja. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mwanamke mrefu, mkimya, aliyezoea kula akiwa amesimama. Cheo chake kilikuwa Mtunza Vipimo wa Ligi. Mbele yake yaliorodheshwa majina ya wachezaji, na kila jina lilikuwa na namba mbili. Ya kwanza ilikuwa joto la ubongo. Hiyo aliiona kila mtu, makocha na watazamaji pia. Ya pili ilikuwa joto la kiwiliwili, na hiyo aliiona yeye peke yake.

Namba ya kwanza ya Hoza ilisema thelathini na saba. Ya pili ilisema arobaini na moja na nusu.

Hoza alikimbia hadi mbele ya kamera, akatabasamu, akawapungia mkono watazamaji wa nchi za baridi, ambako mwezi huo viwanja vilikuwa vimefukiwa na theluji na hakuna mpira uliochezwa. Hakuwa akihema.

Kilichomwezesha kiliitwa kitulizo, na aliyekibuni ni Saumu mwenyewe. Kilikuwa utando mwembamba kama ganda la kitunguu, ulioshonwa chini ya ngozi ya kisogo. Ulipoza damu inayopanda kichwani, basi ubongo ukabaki baridi hata mwili ukiungua. Saumu aliubuni kwa ajili ya watoto wenye homa kali, wale wanaoingia degedege kabla ya dawa kufanya kazi, na wodi nyingi za watoto zilikuwa zikiutumia kwa saa moja au mbili, mpaka homa ishuke. Baadaye ligi ilikuja kumwona. Wakati ule alidhani nusu digrii ya nafuu kwa wanamichezo ni jambo jema. Hakuwaza kwamba ubongo uliopozwa huamini mwili wote umepoa. Mchezaji mwenye kitulizo hasikii joto, hasikii kiu, wala miguu haimwambii kitu. Ubongo unapoa, figo zinachemka.

Mechi ilipokwisha, Saumu alimwomba Hoza chupa ya mkojo kama alivyowaomba wote. Mkojo ule ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Hoza alisema ni vidonge vya vitamini. Alikuwa amebeba mpira wa mechi kwapani, na alikuwa na haraka ya kwenda kwenye mahojiano.

2

Saumu alikwenda kwa mwenyekiti wa Baraza la Ligi, Mzee Athanas Lugongo, Jumatatu iliyofuata.

Mzee Lugongo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua Saumu. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Ujanani aliwahi kucheza namba sita kwenye viwanja vyenye mawe, mbele ya watu mia mbili. Yeye ndiye aliyeihamisha ligi kutoka kipupwe kwenda kiangazi, miaka sita iliyopita, kwa hesabu moja rahisi: Juni mpaka Septemba dunia nzima hucheza mpira, na hakuna anayetutazama; Desemba mpaka Machi nusu ya dunia imelala chini ya theluji, na wote wanatutazama sisi. Kabla ya hapo vijana wa Tanga na Lindi walikuwa hawajulikani hata Morogoro. Sasa watoto wa nchi ambazo Lugongo hajawahi kufika walikuwa wakivaa jezi zilizoandikwa Shemdoe mgongoni.

Saumu alimweleza aliyoyaona. Kati ya wachezaji mia nne na kumi na wawili wa ligi, thelathini na saba walikuwa na figo zilizoanza kuharibika. Wakipumzika zingepona. Wakicheza kiangazi kingine, nyingi hazingepona tena.

Lugongo alisikiliza bila kumkatiza. Kisha alimkumbusha kwamba mwaka jana pia alileta hesabu kama hizo, hesabu zisizo na majina, na Baraza likauliza maswali mawili ambayo hakuweza kuyajibu: ni nani hao, na nani amekufa? Alisema Baraza litakutana tarehe ishirini na nne Februari kupiga kura juu ya msimu. Klabu za pwani nazo zilikuwa zimeomba ligi irudi kipupwe. Klabu za nyanda za juu hazikutaka, kwa sababu Januari kwao ni mwezi wa raha na Julai ni ukungu na baridi ya kukata masikio.

"Nipe majina, Daktari," alisema. "Nipe watu thelathini na saba ninaoweza kuwaonyesha kwa kidole, na mimi mwenyewe nitaunga mkono kipupwe. Bila majina, unaniletea hofu yako tu."

Majina Saumu alikuwa nayo. Lakini kila mchezaji, siku ya kushonwa kitulizo, alikuwa amekaa mbele yake na kuahidiwa kwamba namba ya pili haitatoka mdomoni mwake. Walikuwa na sababu ya kutaka ahadi hiyo. Klabu ikijua mchezaji ana figo mbovu, humwacha siku hiyohiyo, na hakuna klabu nyingine itakayomchukua. Wengi wao walikuwa na wazazi, wake, wadogo zao shuleni, wote wakiitegemea miguu hiyo.

Alirudi kwenye chumba cha vipimo, akakaa mbele ya orodha mchana kutwa. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja. Orodha ingefika kwenye kila gazeti kabla ya chakula cha jioni, kura ingepita, na msimu ungehama. Watu thelathini na saba wangepona figo na kupoteza kila kitu kingine, bila mtu kuwauliza. Mara tatu aliweka kidole mahali pa kubonyeza. Mara tatu alikiondoa.

3

Jumamosi alfajiri alisafiri hadi Muheza, ambako Hoza alikuwa na shamba la machungwa. Alimkuta akipogoa matawi, amevaa kofia ya majani ambayo hakuihitaji. Hoza alikuwa na miaka thelathini na mmoja, nahodha wa klabu ya Katani ya Tanga, na huo ulikuwa msimu wake bora kuliko yote. Alimkaribisha vizuri, akamwita dada Saumu kama alivyomwita siku zote, akamkatia chungwa.

Saumu alimwambia ukweli akiwa amelishika chungwa bila kulila. Alimwambia namba yake ya pili, ya mechi ile na ya mechi thelathini zilizotangulia. Alimwambia maana ya ule mkojo.

Hoza aliugeukia mchungwa. Aliendelea kupogoa, tena matawi mazima yenye maua, hadi mwenyewe akaona anachofanya akauweka mkasi chini. Halafu alisema haamini. Hajawahi kujisikia vizuri kama msimu huu, alisema, na mtu hujijua mwenyewe.

"Hujijui," Saumu alijibu. "Mimi ndiye niliyekunyang'anya kujijua. Nilikuwekea kisogoni kitu kinachokudanganya."

"Basi kizime," Hoza alisema. "Kizime nione."

Kengele ya joto ya Muheza ilikuwa imeshaanza kulia, wavunaji wakikimbilia maghalani. Saumu alikataa kwanza. Hoza akamwambia kwamba mwili ni wake. Ndilo jambo hasa daktari alilokuwa amekuja kumwambia. Alitoa kidhibiti mfukoni, akamtaka aahidi kusimama mara tu akitaka kusimama, akakizima.

Hoza alianza kukimbia kati ya mistari ya michungwa, mwendo wa kupasha misuli tu. Mzunguko wa kwanza uso wake ulibadilika. Wa pili alivua kofia, akaivaa tena. Katikati ya mzunguko wa tatu alipiga magoti. Saumu alimburuta hadi chini ya paa la ghala, akammwagia ndoo mbili za maji, akamshika mkono hadi mapigo ya moyo yaliposhuka. Alipotaka kukiwasha kitulizo, Hoza aliufunika mkono wake kwa wake.

"Kwa hiyo ndivyo kulivyo huko nje," alisema. Alikuwa akilia bila aibu. "Miaka sita, dada. Miaka sita nimewapeleka wenzangu humo, nawaambia kazeni."

Alipopata nguvu aliuliza ni nani wengine. Saumu alimwambia hawezi kumtajia. Hoza alikasirika, akasema kama watu wanaungua ndani bila kujua, kunyamaza ni kuwaua. Saumu alikubali kwamba huenda ni kweli. Lakini yeye, alisema, alikwishaamua mambo ya miili yao mara moja bila kuwaeleza vya kutosha, na hayo ndiyo matokeo yake. Hangeamua mara ya pili.

Walikaa chini ya paa, maji yakiwachuruzika. Jibu lilimjia Saumu pale pale, akalisema kwa sauti kabla hajalipima. Hakuwa na haki ya kuwapa magazeti vipimo vile, wala Baraza, wala Hoza. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye kila kipimo kilikuwa mali yake.

4

Tarehe kumi Februari, kila mchezaji wa ligi alipokea barua. Zilikuwa barua mia nne na kumi na mbili, na hakuna mbili zilizofanana. Kila moja ilikuwa na namba ya pili ya mwenyewe tu, mechi kwa mechi tangu siku ya kushonwa kitulizo, na maelezo ya figo zake kwa Kiswahili ambacho mtu yeyote angekielewa. Mwishoni Saumu aliandika kwa mkono: "Vipimo hivi ni vyako. Ukitaka kuvificha, vifiche, na mimi nitakaa kimya hadi kufa kwangu. Ukitaka kuvisema, tarehe ishirini na nne mlango wa Baraza utakuwa wazi. Naomba radhi kwamba nimechelewa."

Kanuni za ligi zilisema namba ya pili ni mali ya ligi, na hairuhusiwi kupewa mtu, hata mchezaji mwenyewe. Saumu alijua. Kesho yake alisimamishwa kazi, akanyang'anywa ufunguo wa chumba cha vipimo, na kuitwa mbele ya Baraza kujibu mashtaka siku ileile ya kura.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu. Wachezaji wengine walimpigia simu kumtukana. Mmoja alimwambia kwamba mke wake amesoma barua na sasa hamruhusu kwenda mazoezini. Mwingine alipiga simu, akasema ahsante, akakata. Mechi ziliendelea kama kawaida, namba za kwanza zikiwa zote nzuri, watangazaji wakisifu kasi. Saumu alizitazama nyumbani kwake kama watu wengine, na kwa mara ya kwanza hakuweza kuona yaliyokuwa chini ya ngozi. Hoza hakuwemo kikosini. Klabu ilitangaza kwamba ana mafua.

5

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa uwanja wa Tanga, kikitangazwa moja kwa moja redioni. Wajumbe walikuwa kumi na sita, mmoja kutoka kila klabu. Walifika asubuhi na mapema ili wasikutwe njiani na kengele, wakaketi kuzunguka meza ndefu, Mzee Lugongo akiwa kichwani mwa meza. Saumu aliketi kwenye kiti cha peke yake karibu na dirisha.

Aliyesikilizwa kwanza alikuwa Bi. Atuganile Mwakyoma wa Rungwe, mama wa makamo aliyevaa koti zito hata pale, mtu ambaye klabu zote sita za nyanda za juu zilifuata kura yake. Alizungumza vizuri. Alisema watu wa pwani wanadhani nchi nzima ni pwani. Kule kwao Julai kipa hamwoni mshambuliaji wake mwenyewe kwa ukungu, na nyasi huganda asubuhi. Kwa nini watu wa Rungwe wacheze kwenye baridi ili watu wa Tanga waepuke joto? Kuna kitulizo, na kinafanya kazi. Wajumbe kadhaa waligonga meza kumuunga mkono.

Ikafika zamu ya mashtaka ya Saumu. Lugongo alisoma kanuni iliyovunjwa, akamuuliza kama anakiri. Saumu alikiri. Akamuuliza kama ana la kusema. Saumu alisema alichoandika kwenye barua kinatosha.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Hoza Shemdoe akiwa amevaa suti. Nyuma yake waliingia wachezaji wengine, mmoja mmoja, wakajipanga ukutani. Mlinzi aliyekuwa mlangoni aliuliza awazuie. Lugongo aliwatazama kwa muda mrefu, akamwambia awaache.

Hoza alikunjua karatasi yake. Hakuhutubia. Alisoma tarehe, jina la mpinzani, na namba ya pili. Tarehe, mpinzani, namba. Mechi alizofunga mabao matatu, alizochaguliwa mchezaji bora, ambazo wajumbe wenyewe walizikumbuka na kuzisimulia kwa wajukuu. Arobaini na moja. Arobaini na moja na nusu. Arobaini na mbili kasoro kidogo. Alipofika mwisho alitaja hali ya figo zake, akakunja karatasi, akasema, "Sasa mnajua. Klabu yangu nayo inajua. Nimemaliza."

Akarudi ukutani. Aliyefuata akasogea na kusoma yake.

Walisoma kwa saa mbili. Nje kengele ililia, na hakuna mjumbe aliyeinua kichwa. Ishirini na tisa walisoma. Wa mwisho alikuwa beki wa miaka ishirini na miwili aitwaye Ambakisye, na alipovua kofia Bi. Atuganile alishtuka kitini, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa nahodha wa Rungwe, klabu yake mwenyewe, kijana aliyemjua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Ambakisye alisoma mechi za ugenini: Tanga, Lindi, Mtwara, Tanga tena. Kwenye Mtwara alianza kuikunja karatasi kabla haijaisha. Bi. Atuganile alimwambia, kwa upole, amalizie, mwanangu.

Mzee Lugongo alikuwa amehesabu. Alimgeukia Saumu.

"Ulisema thelathini na saba. Hawa ni ishirini na tisa. Wanane wako wapi?"

"Wamechagua kunyamaza, Mwenyekiti."

"Wataje, hesabu ikamilike, na mashtaka yako nitayafuta. Usipowataja, Baraza litasema wanane uliwazusha, na kama wanane ni wa kuzusha, hata namba hizi tutazitilia shaka."

Saumu alijua majina yale manane kama alivyojua majina ya ndugu zake. Wawili kati yao walikuwa wamesimama nje ya ukumbi asubuhi ile, akawaona wakisita, wakaondoka. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga. Aliona pia kwamba kura yenyewe, kazi yake yote, na pengine leseni yake ya udaktari, vilitegemea majina hayo. Alishangaa kwamba hakuwa na hofu.

"Sina majina ya kukupa," alisema. "Niliwaahidi. Ishirini na tisa wamesoma kwa sababu walijua ningewanyamazia kama wasingesoma. Nikiwataja wanane leo, hawa wote watakuwa wamesimama hapa kwa mtu asiyeaminika. Nifute kazi, Mzee wangu. Hayo mengine siwezi."

Hakuna aliyegonga meza. Lugongo aliinamisha kichwa akatazama mikono yake, ile mikono mikubwa ya mchezaji wa zamani. Aliyezungumza alikuwa Bi. Atuganile. Alisimama, akavua lile koti, akaliweka kwenye kiti.

"Mimi nimekuja hapa na kura kumi mfukoni, sita za kwetu na nne nilizozishawishi," alisema. "Nilikuja nazo kwa ajili ya kiangazi. Mwenyekiti, huyu mama angeweza kuwataja akaokoka, na hakuwataja. Namba zake naziamini. Ukungu tutauzoea. Tutachezea mpira mwekundu, na kipa wetu tutamvalisha sweta."

Kuna mtu alicheka, kisha wengine, na kicheko kile kilikuwa cha watu walioachiwa kupumua. Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Kipupwe kilipata kumi na tatu, kiangazi kikapata tatu. Kisha Mzee Lugongo, ambaye kama mwenyekiti hapigi kura ila zikilingana, aliomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba yeye pia alinyoosha mkono. Aliunyoosha, akaubakiza juu hadi mwandishi alipomaliza kuandika.

Mashtaka ya Saumu yaliahirishwa mara mbili, kisha hayakutajwa tena.

6

Vitulizo vilitolewa visogoni mwa wachezaji wote mwezi Machi na Aprili, na Saumu aliwafanyia kazi hiyo kwa mikono yake. Vilirudishwa wodi za watoto, vilikotoka. Wale wanane walikuja mmoja mmoja kama wengine wote, na hakuna aliyejua ni akina nani. Figo zao, na za ishirini na tisa, zilipumzishwa zaidi ya miezi mitatu. Klabu zilijikuta haziwezi kuwaacha waliosoma: huwezi kumfukuza mchezaji ambaye nchi nzima imemsikia akisoma namba zake.

Watazamaji wa mbali waliondoka, kama Lugongo alivyosema wataondoka. Juni ilipoingia walikuwa na ligi zao. Magazeti yaliandika kwamba mpira wetu umerudi kuwa wa mtaani, na hakuna aliyejua kama mtaa wenyewe ungekuja. Kulikuwa na watoto wa miaka minane Tanga ambao hawakuwahi kuingia uwanjani maishani mwao.

Mechi ya ufunguzi ilikuwa Katani dhidi ya Rungwe, Jumamosi ya pili ya Juni, saa tisa alasiri. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma tangu asubuhi, mwepesi, wenye harufu ya chumvi. Milango ilitakiwa kufunguliwa saa saba. Saa nne foleni ilikuwa imeshapita soko na kuzunguka kona. Watu walikuja na wakwe zao, na bibi zao kwenye viti vya magurudumu, na ngoma ambazo zilikuwa zimekaa juu ya makabati kwa miaka sita. Saumu, aliyepewa ufunguo wake tena, aliingia kwenye chumba cha vipimo, akaona hakuna cha kutazama kwenye skrini ambacho hakikuonekana uwanjani, akatoka, akatafuta nafasi jukwaani. Aliipata kwa shida, kati ya mama mmoja muuza samaki na Bi. Atuganile, ambaye alikuwa amekuja bila koti na akilalamika kwamba bado ni joto.

Mpira wenyewe haukuwa wa kasi. Wachezaji walikuwa wakijifunza upya. Walipiga pasi badala ya kukimbia tu, walisimama kufikiri, walikunywa maji kwa sababu walikuwa na kiu. Rungwe walitangulia dakika ya arobaini, kona iliyopigwa kichwa na Ambakisye, na Bi. Atuganile akamkumbatia muuza samaki bila kujua yeye ni wa Katani. Katani walisawazisha mapema kipindi cha pili.

Hoza aliingizwa dakika ya sitini. Madaktari walikuwa wamempa nusu saa. Uwanja wote ulisimama alipovuka mstari, na yeye, aliyezoea kufunga mabao mbele ya viti vitupu, alisimama kidogo kama mtu aliyeitwa kwa jina na mtu asiyemwona. Kisha akaanza kucheza. Alikuwa mzito kuliko zamani. Alipoteza mpira mara tatu. Mara ya nne aliuficha kwa mwili, akamsubiri beki ajiingize, akampitishia katikati ya miguu na kutoa pasi ndefu ya chini iliyowakata mabeki wote wawili wa kati. Winga wa Katani alikuwa na kazi ya kugusa tu. Mbili kwa moja. Ngoma zilirindima kutoka kila upande, na Saumu, ambaye hakuwahi kushangilia bao katika miaka yote ya kazi yake, alijikuta amepanda juu ya kiti.

Dakika ya themanini na mbili Hoza alisimama karibu na benchi lake. Alikuwa ameinama, mikono magotini, jasho likimdondoka puani. Alihema kwa mdomo wazi. Halafu akainua mkono, akamwita kocha, na kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma kuelekea jukwaani watu wa viti vya mbele walimsikia.

"Nimechoka, mwalimu," alisema. "Nitoeni."

Wale wa mbele waliwaambia walio nyuma yao, na walio nyuma wakawaambia wa juu. Amesema amechoka. Amesema mwenyewe. Habari ilipanda ngazi kwa ngazi hadi safu ya mwisho, na kadiri ilivyopanda watu walisimama. Hawakushangilia kwanza, walipiga makofi, polepole na kwa pamoja, makofi mazito ya mji mzima. Hoza alitembea kuelekea benchi akiwa ameshika kiuno, akicheka, akilia, akivuta pumzi kwa nguvu zote. Kwenye jukwaa la wageni waalikwa Mzee Lugongo alikuwa amesimama na wengine, amevua kofia, na kofia hiyo aliipunga juu ya kichwa chake kama kijana wa miaka kumi na nane hadi Hoza alipoketi.

Mpira uliendelea. Zilikuwa zimebaki dakika nane, na Rungwe walikuwa wanashambulia.